Kumsoma Liu Cixin kuanzia mtambo wa umeme hadi mwisho wa ulimwengu: mwongozo kamili

Mimi nilianza vibaya. Kitabu cha kwanza cha Liu Cixin, mwandishi wa China wa hadithi za kisayansi, kufika mikononi mwangu kilikuwa The Dark Forest. Nilikinunua kwa muuza vitabu vya mtumba aliyekuwa amevitandaza chini kando ya barabara, na hakuna aliyeniambia kwamba ni juzuu la pili. Kinaanza na sisimizi anayepanda jiwe la kaburi. Anapita ndani ya mifereji ya herufi zilizochongwa, moja baada ya nyingine, bila kujua kwamba anasoma jina la marehemu. Karibu yake mwanamke mzee na mwanamume mmoja wanazungumza habari za nyota. Nilizirudia kurasa zile mara tatu, nikahisi kuna jambo kubwa linalosemwa nami nimeachwa nje ya mlango, nikakifunga. Kilikaa juu ya kabati miaka miwili.

Nilichokuja kugundua ni kwamba huyu bwana anasomeka vizuri ukifuata njia ambayo kazi yake yenyewe ilipita: hadithi fupi za jaridani kwanza, riwaya baadaye, sinema mwisho kabisa. Wengi siku hizi wanaanzia kwenye sinema, halafu wanashangaa vitabu vikiwashinda. Mwongozo huu unachukulia kwamba utasoma kwa Kiingereza, kwa hiyo majina ya vitabu nimeyaacha kama yanavyoandikwa kwenye jalada ili uyatafute kwa urahisi.

Hatua ya kwanza: mjue mtu mwenyewe

Liu ni jina la ukoo, Cixin ndilo lake. Maktabani na dukani mtafute kwenye L. Kulitamka, sema "Lyo Tsishin" kwa haraka, utakuwa karibu vya kutosha. Mashabiki wake China humwita Da Liu, yaani Liu Mkubwa.

Alizaliwa Juni 1963, akakulia Yangquan, mji wa makaa ya mawe katika mkoa wa Shanxi, ambako wazazi wake walifanya kazi ya mgodi. Mapinduzi ya Utamaduni, kampeni kali ya Mao, yalipoanza 1966 na makundi yakageukiana kwa silaha, alipelekwa kwa ndugu huko Luoshan, mkoa wa Henan, kijijini kabisa. Aprili 1970 China ilirusha setilaiti yake ya kwanza, Dongfanghong 1. Liu ameandika jinsi alivyosimama usiku na wanakijiji wakitazama nukta ile ikipita angani, wenzake wengi wakiwa peku. Alichoogopa ni kwamba itagongana na nyota. Hakujua bado kwamba nyota ziko mbali kiasi gani. Miaka mitano baadaye, Agosti 1975, bwawa la Banqiao katika mkoa huohuo lilibomoka baada ya mvua za kimbunga na watu makumi ya maelfu wakafa.

Alisomea uhandisi wa mambo ya maji na umeme, kisha akaajiriwa kuwa mhandisi wa kompyuta kwenye mtambo wa umeme wa Niangziguan, milimani huko Shanxi. Ni mtambo wa makaa ya mawe, mbali na miji mikubwa. Kazi ilimwachia saa za ziada na kompyuta. Aliandika programu ya kutunga mashairi. Aliandika nyingine iliyochukua staarabu za ulimwengu na kuzifanya nukta tupu, kisha akazitazama zinavyoishi na kufa.

Usiipite hatua hii haraka. Mtoto aliyedhani setilaiti itagonga nyota, bwawa lililozoa watu, staarabu zilizofanywa nukta kwenye kioo cha kompyuta: vyote utavikuta vitabuni vikiwa vimebadilishwa nguo tu. Na pia utaelewa mapema kasoro yake kubwa. Mtu aliyezoea kuwaona viumbe kama nukta haandiki wahusika wenye nyama nyingi. Ukimwendea ukitaka mapenzi ya kukutoa machozi utarudi mikono mitupu. Mwendee kwa ajili ya fikra.

Hatua ya pili: lielewe jarida lililomlea

Hii ni hatua ya kusoma dakika kumi tu. Huko Chengdu kuna jarida liitwalo Kehuan Shijie, Ulimwengu wa Hadithi za Kisayansi, lililoanzishwa 1979 kwa jina jingine. Mwaka 1983 ilikuja kampeni ya serikali dhidi ya "uchafuzi wa kiroho", na hadithi za aina hii zikaonekana ni takataka za kutoka nje. Majarida mengi ya fani hiyo yakafa. Hili likabaki likihema.

Kisha ikaja 1999. Swali la insha kwenye mtihani wa taifa wa kuingia chuo kikuu liliuliza: ingekuwaje kama kumbukumbu zingeweza kupandikizwa? Jarida lilikuwa limetoka kuchapisha makala yanayogusa jambo hilohilo. Wazazi waliokuwa wakiwanyang'anya watoto jarida wakaanza kuwanunulia. Mwaka uleule, toleo la Juni, ndipo jina la Liu Cixin lilipochapishwa humo kwa mara ya kwanza. Alikuwa anakaribia miaka 36. Tuzo ya jarida hilo, iitwayo Yinhe, yaani njia ya nyota angani, aliichukua kila mwaka kuanzia 1999 hadi 2006.

Kwa hiyo wasomaji wake wa mwanzo walikuwa wanafunzi wa sekondari na vyuo. Ndiyo sababu anaeleza sana. Wakati mwingine anaeleza kama mwalimu anayejua kengele iko karibu kulia.

Hatua ya tatu: soma hadithi fupi tano, kwa mpangilio huu

Tafuta mikusanyo miwili: The Wandering Earth na To Hold Up the Sky. Usisome kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Chukua hizi tano, moja kwa jioni moja.

Anza na With Her Eyes, ya 1999. Ni fupi. Mtu anayekwenda likizo anaombwa abebe "macho" ya msichana aliye mahali asikoweza kutoka. Kwa hiyo kila anachokiona, msichana naye anakiona. Msichana anamsumbua: ngoja, nataka kuliangalia ua hili, ngoja, nataka kusikia maji. Jamaa anachoka naye. Mahali alipo msichana sikuambii.

Ya pili, Sun of China. Hii ndiyo naipenda kuliko zote, na sijui kwa nini haitajwi sana. Kijana wa kijiji kikavu anaondoka nyumbani, na hadithi imegawanywa kwa malengo yake ya maisha. La kwanza: kunywa maji yasiyo machungu, na kupata fedha kidogo. Basi, ni hayo tu. Anafika mji wa migodi, anaelekea mji mkubwa, anakuwa msafishaji wa vioo vya maghorofa, ananing'inia kwa kamba na ndoo yake. Kisha China inajenga kioo kikubwa angani cha kuakisi jua, na kioo kikichafuka lazima kipanguswe. Nani atathubutu kupanda huko? Wasomi wanaugua kwa kuishi angani, ila msafisha vioo kazi yake ni ileile, urefu tu umeongezeka. Malengo yake yanazidi kupanda ukurasa hadi ukurasa, na kila moja linaonekana dogo ukishalifikia.

Ya tatu, Taking Care of God. Wazee bilioni mbili wanashuka kutoka angani, wanajitambulisha kwamba ndio waliopanda uhai duniani, na sasa wamezeeka, wanaomba chakula. Kila kaya inapewa mzee wake. Mwanzoni wanapokewa kwa heshima zote. Baadaye ni ugomvi wa jikoni: mzee kafanya hivi, mzee kaharibu vile, mke wa nyumba anafoka, na mzee anajikunyata kwenye kona akiomba radhi. Msomaji wetu yeyote aliyewahi kuishi nyumba yenye babu mmoja na wajukuu wengi hatahitaji maelezo.

Ya nne, The Village Teacher. Mwalimu wa kijiji maskini cha milimani anakufa kwa saratani, na pumzi zake za mwisho anazitumia kuwakaririsha watoto kanuni tatu za Newton. Hawazielewi. Anawaambia wazishike tu kichwani. Wakati huohuo, mbali huko juu, kuna vita vya nyota na kipimo cha kuamua sayari ipi ibaki. Mwisho wake umebuniwa kwa ujanja ambao mtu anaweza kuuita wa kitoto. Mimi kila nikifika pale napiga goti.

Ya tano, The Wandering Earth, ya 2000. Jua linakaribia kulipuka, kwa hiyo binadamu wanajenga injini 12,000 za ukubwa wa milima na kuiendesha dunia yote kwenda nyota nyingine, safari ya miaka 2,500. Angalia jinsi msimuliaji anavyotaja kifo cha mama yake kwa sentensi chache na kuendelea. Mwandishi hakusahau kuweka huzuni hapo: watu wale hawana tena nafasi ya kuhuzunika. Ukilielewa hilo, uko tayari kwa riwaya.

Hatua ya nne: jiandae kwa utatu, kwa daftari na sumaku

Riwaya zake ndefu ni kadhaa, ila kilele ni tatu zilizounganishwa: The Three-Body Problem, The Dark Forest na Death's End. Zina kurasa 400 hivi, 500 na ushei, na 600 hivi. Kabla hujafungua ya kwanza fanya mambo mawili.

Kwanza daftari la majina. Majina ya Kichina ni mafupi na yanafanana kwa sikio lisiloyazoea. Andika jina, kazi yake, na jambo moja unaloweza kulishika. Ye Wenjie: mwanafizikia, baba aliuawa. Wang Miao: mtafiti, hupiga picha. Shi Qiang: polisi, mvuta sigara, mdomo mchafu, na ndiye mtu pekee utakayetaka kunywa naye chai. Luo Ji na Zhang Beihai waongeze ukifika juzuu la pili, Cheng Xin la tatu. Majina mengine waache wapite.

Pili, uone kwa macho yako kile ambacho jina la kitabu linakisema. Miili miwili angani ikivutana, mfano dunia na mwezi, njia yake inahesabika. Newton aliimaliza kazi hiyo. Ongeza mwili wa tatu, na hakuna kanuni moja ya jumla inayokupa mahali itakapokuwa siku zote zijazo. Poincaré, Mfaransa, alionyesha mwishoni mwa karne ya 19 kwamba tofauti ndogo sana mwanzoni huzaa tofauti kubwa mbele. Kulionja hilo nyumbani, toa sumaku kwenye spika tatu mbovu, zipange mezani kwa pembe tatu, na ning'iniza nati ya chuma kwa uzi juu yake, isiziguse. Ivute pembeni, iachie. Itayumba huku na huko na kutua kwenye sumaku moja. Rudia ukidhani umeishika palepale pa mwanzo: itatua kwingine. Si tatizo lenyewe la miili mitatu, lakini ugonjwa ni mmoja. Sasa fikiria unaishi kwenye sayari yenye majua matatu yanayokwenda hivyo, hujui kesho ni mchana, ni barafu, au ni moto. Wakazi wa sayari hiyo ndio watakaoitaka yetu. Wako mfumo wa nyota wa Alpha Centauri, kiasi cha miaka minne ya mwendo wa mwanga, na meli zao zitachukua karibu miaka 400 kufika. Hofu yote ya kitabu imo kwenye muda huo wa kungoja.

Hatua ya tano: soma juzuu tatu, kila moja kwa mwendo wake

Juzuu la kwanza lilichapishwa jaridani kidogokidogo mwaka 2006, likawa kitabu 2008. Lisome kama hadithi ya upelelezi. Ukifika kwenye mchezo wa kompyuta wa miili mitatu, punguza mwendo. Hapo kuna ile sehemu ambapo mfalme Qin Shi Huang anapanga askari milioni 30 uwandani, kila mmoja na bendera nyeusi na nyeupe, watatu watatu wakifanya kazi ya lango moja la kompyuta: huyu akiona wenzake wawili wameinua hivi, naye anainua vile. Jeshi zima linakuwa kompyuta. Askari mmoja akikosea bendera, anakatwa kichwa. Mhandisi wa Niangziguan anaonekana waziwazi hapo, anacheka peke yake.

Juzuu la pili, 2008 pia, ndilo gumu na ndilo bora. Rudi kwa yule sisimizi. Mwanamke mzee pale kaburini ni Ye Wenjie, na anamwachia Luo Ji, yule mwanamume aliyekuwa naye, kanuni mbili: kuishi ndiyo haja ya kwanza ya ustaarabu wowote, ustaarabu hukua na kutanuka daima, lakini vitu vilivyomo ulimwenguni haviongezeki. Ziandike kwenye jalada la ndani la daftari lako. Kurasa mia kadhaa zinazofuata ni kungojea mtu azijumlishe, na kama umezishika unaweza kujaribu mwenyewe kabla Luo Ji hajafanya hivyo. Njiani kuna mapenzi yake na mwanamke aliyemwota kwanza akamtafuta baadaye. Sehemu hiyo ni dhaifu, na inawachosha hata mashabiki sugu. Ipite kwa kasi, hakuna atakayekushtaki.

Juzuu la tatu, 2010, linakwenda hadi mwisho wa wakati. Usilisome kwa pupa. Kila sehemu ina wazo ambalo mwandishi mwingine angelitengenezea kitabu kizima. Mimi nilisoma sehemu moja, nikakaa siku mbili, nikarudi. Tangu hapo Liu ametoa vipande vichache tu. Ukilimaliza umemaliza sehemu kubwa ya safari yake ya uandishi.

Hatua ya sita: elewa namna alivyofika nje

Hapa panafaa kusimama, maana hadithi ya kitabu kuvuka mpaka ni nzuri kama kitabu chenyewe. Mfasiri wa juzuu la kwanza na la tatu ni Ken Liu, si ndugu yake, naye ni mwandishi Mmarekani aliyezaliwa China. La pili lilitafsiriwa na Joel Martinsen. Tafsiri ya kwanza ilitoka Novemba 2014.

Mwaka uliofuata orodha ya wagombea wa Tuzo ya Hugo, tuzo kubwa ya hadithi za kisayansi, ilikuwa imevurugwa na kundi lililopanga kura. Kitabu cha Liu hakikuwamo. Kisha mwandishi Marko Kloos, ambaye riwaya yake ilikuwa imeingizwa na kundi hilo, akajitoa kwa hiari yake, na nafasi iliyobaki ikaangukia The Three-Body Problem. Agosti 2015 ikashinda, riwaya ya kwanza iliyotafsiriwa kupata Hugo. Jina la mshindi lilisomwa na mwanaanga Kjell Lindgren akiwa kwenye kituo cha anga, akielea. Liu hakuwepo ukumbini. Ken Liu ndiye aliyeipokea. Baadaye Obama akasema alikuwa akikisoma ikulu, na kwamba ugomvi wake na bunge ulionekana mdogo mbele ya ukubwa ule. Mauzo yakafanya yaliyobaki.

Kuna na upande wa pili. Mwaka 2019, katika mahojiano na jarida la Marekani, Liu aliunga mkono sera za serikali yake kwa Wauyghur, Waislamu wa magharibi mwa China, na 2020 maseneta watano wa Marekani wakaiandikia Netflix kuhoji kwa nini inatengeneza kazi yake. Soma ukijua hilo. Usitafute kauli hiyo vitabuni, lakini utakuta humo mtu anayeamini kwamba kubaki hai kwa jamii kunatangulia mengine yote, na utaamua mwenyewe mawazo hayo mawili yamepakana wapi.

Hatua ya saba: sasa tazama

Filamu ya The Wandering Earth ya mwongozaji Guo Fan ilitoka mwaka mpya wa Kichina 2019. Imechukua injini na dunia inayosafiri, ikaacha karibu vingine vyote. Itazame kwa macho, si kwa ulinganisho. Ya pili ilitoka 2023.

Utatu una tamthilia mbili. Ya Tencent, kampuni ya China, Januari 2023, vipindi 30, inafuata kitabu karibu ukurasa kwa ukurasa na inakwenda taratibu. Wazo moja linaweza kuchukua jioni nzima. Ya Netflix, Machi 2024, vipindi vinane, imehamishia mambo mengi Uingereza na kuweka marafiki watano mahali pa Wang Miao. Ukiwa na muda wa moja tu, mimi nasema ya Kichina, ukiruka vipindi vya katikati vinavyojirudia.

Hatua ya nane: soma upya kwa mpangilio wa Kichina

Hii wengi hawaijui. Kitabu cha Kiingereza kinaanza na mwaka 1967: Ye Wenjie anashuhudia baba yake, profesa wa fizikia, akipigwa hadi kufa jukwaani na wasichana wanne wa Walinzi Wekundu, vijana wafuasi wa Mao. Jaridani mwaka 2006 hadithi ilianza hivyohivyo. Lakini kitabu kilipotoka China, sura hizo zilisogezwa katikati kwa tahadhari ya kisiasa. Ken Liu alipotafsiri akazirudisha mbele, na mwandishi akakubali kwa sababu ndivyo alivyotaka tangu awali.

Ili uone kile ambacho wasomaji wa China walikiona, chukua The Three-Body Problem yako na uanzie sura ya 4, polisi wawili na wanajeshi wawili wanapobisha kwa Wang Miao. Soma hadi katikati ya sura ya 9, kabla ulimwengu haujaanza kumetameta. Rudi sura ya 1, ya 2 na ya 3. Kisha malizia ya 9 na uendelee na ya 10.

Tofauti yake ni kubwa kuliko nilivyotarajia. Kwa Kiingereza, Ye Wenjie akitokea uzeeni tayari unambeba na kidonda chake, unamhofia kila anapofungua mdomo. Kwa mpangilio wa Kichina unakutana kwanza na bibi mpole aliyestaafu, mwenye mvi, aliyefiwa na binti yake, ambaye majirani humwachia watoto wao. Unampenda. Unamwonea huruma akiwa peke yake kwenye nyumba ile iliyopoa. Ndipo unapofungua sura inayofuata na kumkuta msichana akimtazama baba yake jukwaani, na inakuchukua aya mbili tatu kutambua kwamba ni yuleyule.